Kiti cha Feruzi na Bima ya Milango

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya mwaka gani, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwepo na wakati huo miaka ilikuwa haijaanza kuhesabiwa, palikuwa na mji uitwao Mwambasiri. Nasema nilikuwepo. Nilisimama hatua tatu kutoka kwa Sultani, karibu mpaka nikasikia tumbo lake likinguruma, na anayebisha aseme yeye siku hiyo alikuwa wapi. Mmenyamaza. Basi tuendelee.

Katika mji huo alikaa kinyozi mmoja, jina lake Feruzi Mapande, fukara wa kutupwa. Alikuwa maskini mpaka kivuli chake kilikuwa na viraka. Mali yake yote ilikuwa wembe mmoja, kinoo kimoja, bakuli la maji lenye ufa, mke mmoja mwenye ulimi mkali kuliko ule wembe, mabinti watatu wenye hamu ya kula, na kiti.

Hicho kiti lazima nikieleze. Kilikuwa cha mpingo, kimetiwa nakshi za mfupa, urithi wa babu wa babu yake, na kilikuwa kizito mpaka siku kilipoingizwa dukani upande ule wa mji ulididimia kidogo, na ndiyo maana maji ya mvua hapo Mwambasiri hukimbilia kusini mpaka leo. Na ilikuwa desturi kwamba bwana harusi wa mji huo hanyolewi ila juu ya kiti kile, asubuhi ya ndoa yake. Asiyenyolewa pale, wakwe walimtazama kwa mashaka mpaka apate mjukuu. Sultani Mwinyishaha mwenyewe alinyolewa juu yake mara saba, maana alikuwa mtu wa kuoa, na kila alipoinuka aliupapasa mkono wa kiti na kusema, "Kiti hiki, Feruzi, kingependeza sana kwangu." Feruzi naye akimjibu, "Na kwangu kimeshapendeza, bwana wangu."

Desturi ya pili ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mwambasiri ukikaribishwa kiti unakaa. Hata kama umekuja kugombana, unakaa kwanza, kisha unagomba. Anayekataa kiti cha mtu amesema mbele za watu kwamba nyumba hiyo ina kasoro, kwa hiyo sheria ya tangu enzi za mababu ilimtaka aitaje kasoro hiyo kwa kinywa chake, hapo hapo, watu wakisikia. Asipoitaja, basi haruhusiwi kukaa katika baraza yoyote ya mji mpaka kufa kwake. Anasimama tu. Nilimjua mzee mmoja aliyesimama hivyo miaka arobaini, miguu ikamwota matawi.

Sasa palikuwa na Waziri, akiitwa Hilali, mtu mwenye akili nyingi za kuchukua na chache za kutoa. Siku moja Waziri Hilali akaleta jambo jipya, akaliita Bima ya Milango. Mpiga mbiu akazunguka mji mzima, pembe mkononi, akisema, "Enyi wenye maduka, toeni kidogo kila Ijumaa, na siku mlango wako utakapofungwa kwa janga lolote, hazina ya Sultani itakulisha wewe na watu wako mpaka mlango ufunguke." Watu wakafurahi. Kila mmoja akapewa hati yenye muhuri mwekundu mkubwa kama chapati. Chini ya muhuri palikuwa na maneno, herufi ndogo ndogo, ndogo mpaka sisimizi angehitaji miwani, na aliyeweza kuyasoma alikuwa ni yule karani aliyeyaandika, naye aliyasoma mbio mbio kama mtu anayepita kwa jirani anayemdai.

Ikawa kila mtu anatoa alichonacho. Muuza samaki akitoa samaki. Mzee Chande, mpika halua, akitoa halua. Feruzi hakuwa na kitu ila wembe, basi akaandikiwa kwamba atamnyoa Waziri bure kila Ijumaa. Akamnyoa Ijumaa, akamnyoa Ijumaa, ikapita miaka kumi na mmoja. Na kidevu cha Waziri hakikuwa kidevu cha mchezo. Wembe ukiingia saa mbili unatoka saa sita, umechoka, unataka kulala.

Na malipo je? Yalikuwapo, msiseme hayakuwapo. Sufuria kubwa la Mzee Chande lilipasuka siku moja juu ya moto, halua yote ikamwagika, duka likafungwa siku nane. Hazina ikamlipa kifuniko.

Basi wakakaa hivyo, mpaka mwaka ule ikaja homa ya pumzi. Homa hiyo haikupiga hodi mlango wowote. Mtu alikuwa akikohoa mwanzo wa barabara, aliye mwisho wa barabara anaanguka. Watu wakaogopana, mume akimsalimu mkewe kutoka uani, na wenye madeni walifurahi sana kwa kuwa hakuna aliyesogea karibu. Ndipo Sultani akatoa amri, na Waziri Hilali akaiandika, na mpiga mbiu akaitangaza hivi: "Ugonjwa umekaa madukani. Umekaa juu ya viti, juu ya mabao, juu ya mizani na makomeo ya milango. Agusaye amegusa kifo. Kwa hiyo kila duka lifungwe, na atakayefungua atapigwa viboko arobaini."

Maduka yakafungwa. Feruzi akafunga lake. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, wa tatu na wa nne. Mji mzima ukaota nywele. Wanaume wakawa hawajulikani kwa sura, wanajulikana kwa sauti. Ndege wa mji waliacha miti, wakahamia kwenye vichwa vya watu wazima, na mimi mwenyewe nilifuga njiwa wawili hapa juu ya sikio bila kukusudia.

Nyumbani kwa Feruzi njaa ikaingia, ikavua viatu, ikakaa. Panya waliokuwamo waliaga kwa adabu, wakahama.

Asubuhi moja mkewe, Bi Mwanamkuu, akamwambia, "Baba Siwema, leo tunakula nini?"

"Tutakula subira, Mama Siwema."

"Ile ya jana? Ilikuwa haina chumvi."

"Basi leo tia chumvi."

"Chumvi niliitia kwenye subira ya juzi. Sikiliza, mume wangu. Watoto wamelamba chungu mpaka kimetoboka. Ama uza kiti, ama nenda kwa huyo Waziri wako. Miaka kumi na mmoja unamkwangua kidevu bure. Kama hiyo bima ni kitu, leo ndiyo siku yake."

Feruzi akakitazama kiti. Kukiuza ilikuwa sawa na kuuza babu wanne kwa mkupuo. Akachukua hati yake, akaenda hazina.

Hazina ilikuwa nyumba ya mawe, mlango mmoja na dirisha moja. Waziri alikuwa ndani, dirishani, pua na mdomo amevifunga kwa kitambaa cha hariri, na ndevu zimetoka juu na chini ya kitambaa kama nyasi zinazotoka chini ya jiwe. Wenye maduka wengine walikuwa wamekwisha fika, wamesimama mbali mbali, na Mzee Chande yupo mbele na kifuniko chake.

Feruzi akainamisha kichwa. "Bwana Waziri, nimekuja na hati. Mlango wangu umefungwa kwa janga, na mbiu ilisema nitalishwa."

Waziri akaipokea hati kwa ncha ya kijiti. "Paa lako limeanguka, ewe kinyozi?"

"La, Bwana Waziri."

"Ukuta je?"

"Umesimama."

"Wembe umevunjika? Kinoo? Kiti?"

"Vyote vizima."

"Basi duka lako halina neno. Wadai nini?"

"Nadai kwa kuwa limefungwa."

"Kufungwa ni jambo moja," akasema Waziri, kwa upole wa mtu aliyekwisha kula, "na kudhurika ni jambo jingine. Hapa chini, tazama, imeandikwa: sharti pawe na dhara juu ya jengo au vyombo vyake, dhara la kuonekana na kushikika. Ugonjwa hauonekani. Hata mimi sijauona."

Feruzi akajikuna kichwa, na kwa nywele zilivyokuwa, kujikuna kulichukua muda. "Lakini mbiu ilisema umekaa juu ya viti."

"Ilisema umekaa. Haikusema umevidhuru."

"Basi kama haukuvidhuru, naomba nifungue."

"Ukifungua, viboko arobaini."

"Kwa ajili ya nini, Bwana Waziri?"

"Kwa ajili ya ugonjwa uliomo."

"Umo."

"Umo."

"Na haumo."

"Kwa upande wa kulipa," akasema Waziri, "haumo."

Wenye maduka wakanong'ona. Feruzi naye, kwa kuwa alikuwa mjinga wa aina ile isiyotosheka na jibu, akasema atakwenda kwa Sultani, na wote wakamfuata.

Sultani Mwinyishaha alikuwa barazani kwake, juu ya takia, amechoka na homa, amechoka na wake saba waliofungiwa nyumba moja naye, anatafuta kitu cha kumchangamsha. Akasikiliza maneno ya Feruzi, akasikiliza maneno ya Waziri. Kisha akakikumbuka kile kiti, macho yakang'aa.

"Ewe Feruzi," akasema, "nisije nikaambiwa kwamba nimemdhulumu kinyozi wangu. Ijumaa ijayo, baada ya sala, niletee dhara hilo hapa. Uliweke juu ya mkeka huu, mimi nilione, na Waziri wangu akiri kwa kinywa chake kwamba lipo na lashikika. Ukiweza, hazina itakulipa wewe na kila mwenye hati. Ukishindwa, kiti kile ni changu, pamoja na wembe, na duka litakuwa zizi la mbuzi wangu."

Waziri akatabasamu ndani ya hariri. Feruzi akasema, "Nimesikia na nimetii, bwana wangu," akatoka.

Wenzake wakamzunguka nje, kila mtu kwa mbali. "Sasa wewe umekubali nini?" akauliza Mzee Chande. "Utaleta vipi kitu kisichoonekana?"

"Sijui, mzee wangu."

"Hujui, na sote tumo humo humo ndani ya hicho usichokijua."

Na nyumbani hakupata nafuu. Bi Mwanamkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hilo dhara utalibeba kwa kapu au kwa gunia? Nijue nikuazimie kipi."

"Nitaona."

"Utaona. Sultani ndiye anayetaka kuona, wewe kazi yako ni kuleta tu."

Jumamosi ikapita, Jumapili, Jumatatu, Feruzi amekaa kizingitini anatazama barabara tupu. Jumanne aliwaza kumpaka Waziri masizi kwa hasira, akaacha. Jumatano aliwaza kukivunja kiti kwa shoka, awe na dhara la kuonekana na la kushikika pia. Akalinyanyua shoka, akakitazama kiti pale babu zake walipotia mikono yao mpaka mbao zikang'aa, akalitua. Wala kisingefaa. Wangesema kimevunjwa na shoka, na homa haina shoka.

Alhamisi mchana Mzee Chande akapita kuulizia habari. Akasimama mlangoni, fimbo mkononi. Feruzi akainuka kwa heshima, akaukokota mlango wa duka, akamwonyesha kile kiti cha harusi. "Karibu kiti, mzee wangu."

Sasa nyinyi hamumjui Mzee Chande. Yule mzee katika maisha yake hakuwahi kukataa kitu cha kukalia. Alikaa juu ya magunia, alikaa juu ya pipa, mara moja alikaa juu ya mwanakondoo akidhani ni takia, akanywa kahawa mpaka akamaliza. Lakini siku ile alikitazama kiti, akarudi hatua moja nyuma, akaanza kusifu dari.

"Mzee Chande," akasema Feruzi, "umekataa kiti changu?"

"Sijakikataa, mwanangu. Nakiheshimu nikiwa huku."

"Sheria unaijua. Taja kasoro yake."

Mzee akatazama huku na huku. "Feruzi, usinitie aibu. Si ugonjwa? Si mbiu ilisema? Kiti kizuri, babu zako watu wazuri, lakini mimi hapo sikai hata ukinipa duka."

Feruzi akaanza kucheka. Akacheka mpaka mabinti wake wakaja kutazama, wakidhani homa imempata.

"Mama Siwema," akaita, "kapu halihitajiki. Nitafutie mkeka mkubwa na kamba."

Ijumaa ikawa Ijumaa. Baada ya sala baraza ya Sultani ilijaa, na kwa kuwa watu waliogopa kukaribiana, kila mtu alikaa dhiraa tatu kutoka kwa mwenzake, na mstari ukatoka barazani, ukapita gereza, ukaishia kijiji cha pili, ambako watu walikuwa wanaletewa habari kwa kupokezana. Mimi nilikuwa mbele, nimekwisha sema.

Feruzi akaingia amebeba mzigo mgongoni, umefungwa kwa mkeka na kamba, jasho linamtiririka. Akautua juu ya mkeka wa Sultani, baraza nzima ikatikisika.

"Bwana wangu, nimelileta."

"Lifungue tulione," akasema Sultani.

Akafungua. Kikatokea kile kiti cha mpingo, kimesuguliwa, kinameremeta. Waziri Hilali akacheka.

"Maulana, hiki ni kiti."

"Nakubali ni kiti," akasema Feruzi. "Lakini mimi ni mtu nisiyejua kusoma, na mambo ya dhara yana wenyewe. Bwana Waziri ndiye ajuaye. Namwomba akikague mbele za watu, na karani aandike."

Waziri hakuona ubaya. Akakizunguka kiti, kwa mbali kidogo.

"Miguu mingapi?" akauliza Feruzi.

"Minne."

"Kuna uliopasuka?"

"Hakuna."

"Mgongo je, na mikono, na nakshi?"

"Vizima vyote. Karani, andika. Kiti hiki ni kizima, hakina dhara, hakina kasoro hata moja, tangu mguuni mpaka mgongoni. Maulana, naona kitaenea vizuri pale karibu na dirisha lako."

Karani akaandika. Feruzi akangoja kalamu itulie. Kisha akatoa wembe kiunoni, akaufuta kwa kikoi, akainama kwa adabu kabisa.

"Bwana Waziri, leo ni Ijumaa. Miaka kumi na mmoja nimekunyoa kila Ijumaa, na miezi hii minne nina deni lako. Bwana wetu yupo, atanipa ruhusa ninyoe hapa. Karibu kiti."

Palikuwa kimya mpaka nikasikia ndevu za Waziri zikiota.

Waziri akakitazama kiti. Kiti nacho, wallahi, kilimtazama.

"Ninyoe nikiwa nimesimama," akasema.

"Kinyozi hamnyoi aliyesimama, bwana. Nitakukata koo, na bima hiyo sina. Karibu kiti."

"Leo mgongo wanisumbua."

"Ndiyo maana nimeleta chenye kiegemeo."

"Nimeweka nadhiri ya kutokaa mpaka homa iishe."

"Asubuhi nilikuona umekaa," akasema Sultani, ambaye alikuwa ameanza kujiinua kwenye takia lake.

"Basi akae karani kwanza," akasema Waziri. Karani, ambaye alikuwa na umri wa miaka themanini na mguu mmoja mbovu, aliruka ukuta wa baraza na kalamu mkononi. Mweka hazina akasema anaitwa na mama yake, na mama yake alikwisha kufa tangu mwaka wa nzige. Askari wawili waliokuwa karibu wakaanza kutembea kinyumenyume, taratibu, mpaka wakafika kwao.

Feruzi akabaki ameinama vile vile, mkono umenyooka, anakaribisha. "Bwana wangu Sultani, nimemkaribisha Waziri kiti mara tatu. Amekataa. Sheria ya mababu zako yasemaje?"

Sultani akakohoa kidogo, kila mtu akainama. "Yasema aitaje kasoro aliyoiona. Asipoitaja, hakai barazani mpaka kufa. Na Waziri asiyekaa barazani, Hilali, si Waziri. Kaa, au taja."

Waziri akatazama kiti. Akatazama takia lake la uwaziri, la bluu, lenye shimo la makalio yake alilolichimba kwa miaka ishirini. Jasho likapita ndani ya ndevu, likapotea njia humo.

"Maulana," akasema kwa sauti ndogo, "kiti kina ugonjwa."

"Sema watu wasikie."

"Kina ugonjwa."

"Wapi?" akauliza Feruzi.

"Kote. Miguuni, mikononi, mgongoni, kwenye nakshi ndiko umejaa kabisa."

"Bwana Waziri si alisema hauonekani?"

"Nauona," akasema Waziri, macho yamemtoka. "Nauona kama ninavyokuona wewe."

"Umebaki wa kushikika. Mimi nimekibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Shika kidogo, utuambie."

"Sikishiki. Huo ugonjwa si wa kushikika tu, maulana, wenyewe unashika."

Hapo Sultani akacheka. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, akacheka mpaka wake saba wakachungulia kwenye nyufa, na kicheko kikapokezwa kwenye ule mstari mpaka kijiji cha pili, ambako walicheka kesho yake. Feruzi akakigeuza kiti kidogo kumwelekea yeye. "Kiti hiki bwana wangu alikitamani siku nyingi. Karibu."

Sultani akarudi takiani upesi. "Ahsante, Feruzi. Naona kina kasoro. Dhara lipo, nimeliona, Waziri wangu amekiri. Hazina ilipe." Basi akaamuru, na jioni ile ile magunia ya mchele yakatoka kwa mikokoteni, hamsini kwa kila mwenye hati, mstari wa mikokoteni mrefu mpaka ng'ombe wa mbele walikuwa wamezeeka wa nyuma walipoanza safari. Na Waziri akanyolewa amesimama, akakatwa mara mbili.

Hapa ndipo ningewaaga, mkaenda zenu mmefurahi. Lakini naona kuna wawili watatu wananitazama kwa jicho la kukagua, basi niseme tu. Yote niliyosema ni kweli tupu, njiwa wangu na miguu yenye matawi pia. Ila ile mikokoteni nimeitia mimi. Nyinyi mnaijua hazina gani inayolipa siku hiyo hiyo?

Ilivyokuwa ni hivi. Jumatatu Feruzi alipokwenda kudai, Waziri alimjibu kwa barua kupitia dirishani. Barua ilisema dhara limeonekana na limekubaliwa, sasa aliyelifanya aletwe atie sahihi. Feruzi akasomewa, akashukuru. Akaenda nyumbani, akarudi na kiti mgongoni, akakitua katikati ya mlango wa hazina, mlango ule mmoja, Waziri yumo ndani. Kisha akakaa upande wa pili wa barabara na Bi Mwanamkuu, akaunoa wembe juu ya kinoo taratibu.

Hakuna aliyethubutu kukisogeza, maana Waziri alikwisha kukiri mbele ya Sultani kwamba ugonjwa umejaa tangu miguuni mpaka kwenye nakshi. Askari wakakataa. Mweka hazina akaitwa tena na mama yake. Siku ya kwanza Waziri akatukana, ya pili akabembeleza. Siku ya tatu akatoa kichwa dirishani, midomo mikavu.

"Feruzi, mlango wangu umefungwa. Shughuli za hazina zimesimama. Na mimi nina njaa."

Feruzi akamtazama kwa huruma. "Paa limeanguka, Bwana Waziri?"

"La."

"Ukuta je?"

Waziri akaingiza kichwa ndani. Mara gunia la kwanza la mchele likasukumwa dirishani, likaanguka barabarani, na Bi Mwanamkuu akainuka akalikagua kama limepasuka. Likafuata la pili, la Mzee Chande. Likafuata la muuza samaki. Kiti hakikusogea mpaka lilipotoka la mwenye hati wa mwisho.

Magunia yalikuwa mangapi jumla? Hapo msiniulize. Nimekwisha kuongopa mara moja leo, na mara moja inatosha.